Kisu cha Mtani Hakiazimwi

Siku tuliyomzika Mtani nilijilaza mlangoni mwa nyumba ya msiba na kukataa kuondoka mpaka niletewe chai ya tangawizi. Waombolezaji wakawa wananiruka. Nikasema kwa sauti kwamba marehemu alikuwa mchoyo, kwamba Ntalikwa yetu nzima sasa itapumua, na kwamba nashangaa udongo wetu umemkubali. Wanawe wakaniletea chai na kunishukuru. Asiyejua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo angedhani nimerukwa na akili. Yeye mwenyewe, kama angeweza kuinuka, angelalamika kwamba nimemtukana kidogo mno.

Jina lake siliandiki. Kwetu alikuwa Mtani, na kwake sisi sote tulikuwa wapagazi. Zamani babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi Pwani, wakapita kwao Uzaramo, na huko njiani, tunavyoambiwa, ndiko mzaha kati yetu ulikoanzia. Yeye aliifuata njia ileile kwa kurudi nyuma, tena kwa treni, akiwa na mume aliyefanya kazi reli. Mume akafariki na yeye akabaki, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisema anasubiri wapagazi wa kumbeba kumrudisha kwao, ila wapagazi wa siku hizi ni wavivu.

Kama si yeye, mimi na wadogo zangu watatu tungekulia kila mmoja nyumba yake, na leo tungekuwa tunapigiana simu sikukuu kwa sikukuu tu. Nitafika huko. Kwanza kisu.

Kilikuwa kifupi. Bapa lake halikuzidi kidole changu cha kati, lakini mgongo wake ulikuwa mnene, maana mumewe alikitengeneza kutokana na tupa kuukuu, akaisugua jioni baada ya jioni mpaka ikakubali kuwa kisu. Mpini ulikuwa wa mninga, umeshikwa kwa misumari mitatu ya shaba, na ulilika upande mmoja pale kidole gumba cha Mtani kilipozoea kukaa. Visu vya kukunja alividharau. "Kinachojua kukunja mgongo," alisema, "siku ya kazi kitakukunjia vidole." Chake alikivaa kiunoni kwa kamba, ndani ya ala ya ngozi aliyoishona mwenyewe, chini ya kanga. Kila alipotaka kukitoa alijipekua kama anayetafuta kiroboto, na wanaume wenye adabu wakatazama pembeni.

Kwa kisu hicho alimenya mihogo, akakata matembele, akachonga vigingi vya mbuzi, akapunguza tambi za vibatari, akakwangua masega ya asali, akafumua pindo za sare za shule na kukaza skrubu za mifuniko ya sufuria. Penseli za wadogo zangu alizichonga kali kiasi kwamba mwalimu mmoja alizikataza darasani. Baada ya kila kazi alikiosha, akakifuta kwa pindo la kanga na kukirudisha mahali pake. Sikuwahi kukiona kimelala mezani.

Kunoa alikuja kunolea kwetu. Alikuwa na ngazi ya saruji mlangoni kwake, tena nzuri kuliko yetu, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alisema fundi aliyetujengea alimpunja mama saruji akajaza mchanga, na mchanga ule ulikuwa unanoa vizuri ajabu. Kila asubuhi tulisikia *shwaa, shwaa* mlangoni, tukajua kumekucha. Mama akimwuliza, "Mtani, huoni unatumalizia ngazi?" anamjibu, "Nawapunguzia. Siku moja mtaniambia asante, ngazi itakuwa fupi na mtazeeka bila kupanda." Mfereji aliouchimba pale upo mpaka leo. Mvua ikinyesha unajaa maji, kuku wanakunywa.

Sasa huyu mtu angekuazima chochote. Baiskeli ya marehemu mumewe ilizunguka Ntalikwa mpaka mnyororo ukaisha. Sufuria zake zilikwenda kwenye harusi zikarudi zimebonyea, naye akazikaribisha kama watoto waliotoka likizo. Alishawahi kumwazima mtu kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka wiki mbili. Lakini kisu hakumwazima mtu. Ukimwomba, anakutazama kama umemwomba meno.

"Kisu siazimi," anasema. "Ukikitaka, unakitaka pamoja na mimi."

Kisha anakufuata. Ulihitaji kukata kamba moja tu, dakika moja, lakini umempata Mtani mzima: atakata kamba, atakaa, ataonja mboga yako na kusema haina chumvi, atauliza kwa nini binti yako amenuna, na kabla hajaondoka binti atakuwa amecheka na wewe utakuwa umesema jambo ambalo hukukusudia kulisema. Nilichelewa sana kuelewa kwamba watu wengine walikuwa wanaomba kisu wakati hawana cha kukata.

Katika harusi moja ya majirani zetu Wamoravian, keki ilikuwa imekaa sana juani. Bwana na bibi harusi walishika kile kisu kirefu chenye utepe mweupe, mshereheshaji akahesabu moja, mbili, tatu, keki ikakataa. Wakahesabiwa tena. Mchungaji alikuwa ameanza kutazama saa. Kutoka meza ya nyuma tukasikia sauti:

"Wapagazi! Mnakata keki au mnaibembeleza?"

Akaja mbele, akajipekua kiunoni mbele ya mchungaji na mama mchungaji, akatoa kisu. Mshereheshaji akanyoosha mkono kukipokea.

"Ondoa mkono," akamwambia. "Hiki hakiazimwi."

Kwa hiyo katika picha za harusi ile, mikono iliyoshika kisu ni mitatu: ya bwana, ya bibi, na mmoja wenye hina iliyopauka ambao wajukuu wao watauliza ni wa nani.

Mambo ya kuku ndiyo yaliyokuwa kichekesho zaidi, kwa sababu mwanamke huyu aliyeishi na kisu kiunoni aliogopa damu. Hata tone. Doto, mmoja wa wadogo zangu mapacha, alipojikata kidole kwa wembe, aliyeanguka chini ni Mtani, na Doto ndiye aliyempepea. Kuku akitakiwa kuchinjwa alimwita mzee jirani, Mwislamu mwenzake. Lakini kisu kizuri kilikuwa chake, na hakiazimwi. Basi mzee alishika mpini, na Mtani akaweka kidole kimoja kwenye ncha ya mpini kwa nyuma, uso ameugeuzia ukutani, macho amefumba. "Tayari?" anauliza. "Bado, Mtani, hata bismillahi sijasema." "Tayari?" "Bado!" Kuku wenyewe nadhani walikufa wamechoka kusubiri.

Majengo yenye mlinzi mlangoni hakuingia. Mlinzi wa benki alimwambia aache kisu mlangoni. Yeye akamwambia mlinzi aache kirungu, waingie wote wawili mikono mitupu. Hawakuelewana. Hakuwahi kufungua akaunti.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na saba, kidato cha pili. Baba alitangulia zamani. Mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa na miaka minane, na Nyanzala alikuwa na minne. Baada ya arobaini ndugu walikaa uani kwetu kupanga maisha yetu. Sitawasema vibaya. Walikuwa wakulima, kila mmoja na watoto wake, na walipanga kama watu wanaogawana mzigo mzito ili asiumie mmoja. Baba Mdogo, aliyelima tumbaku Ipole, angechukua Kulwa. Doto angekwenda kwa binamu wa Baba Mdogo, Urambo. Shangazi angemchukua Nyanzala. Mimi ningetafutiwa kazi za ndani mjini. Nguo zetu zilikuwa tayari zimefungwa mafurushi manne kwa kamba ya tumbaku, yamepangwa ukutani. Nililitazama furushi la Nyanzala. Lilikuwa dogo kama mkate.

Nikasema, "Mimi nitaacha shule niwalee. Tusitenganishwe." Wakanijibu kwa upole kwamba mimi ni mtoto. Upole ule uliniumiza kuliko kofi.

Ndipo nikasikia *shwaa, shwaa* mlangoni.

Mtani alimaliza kunoa bila haraka. Akaingia uani, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja ukutani. Akakata kamba ya furushi la kwanza. Akakata la pili, la tatu, la nne. Akamwaga nguo zote chini na kuzichanganya kwa miguu, gauni langu, kaptula za mapacha, vijisketi vya Nyanzala, mpaka zikawa rundo moja ambalo hata mama mwenyewe asingelichambua. Kisha akaketi juu yake.

"Nimekamata," akasema.

Wazee wakaanza kutabasamu, kwa sababu walijua. Mtani akija msibani ana haki ya kukamata kitu cha wafiwa, jembe, kiti, hata jeneza likiwa njiani, na hakiachii mpaka kikombolewe. Ila kwa kawaida anakamata kuku.

"Umekamata nguo?" akauliza Baba Mdogo.

"Nguo na waliomo ndani yake. Wote wanne. Na siwagawi, wanakombolewa kwa jumla."

"Haya, unataka nini?"

"Kiboko."

"Fimbo?"

"Mnyama! Kutoka mto Ugalla. Mzima, anayepumua, na meno yake yote yamepigwa mswaki."

Watu wakaangua kicheko, mara ya kwanza katika ua ule tangu mama augue. Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa mtu wa kazi, ametoka mbali, na basi la kurudi lilikuwa linamsubiri. Akasema kwamba mambo ya watoto si mchezo. Mtani akamwuliza kama kiboko ni mzito au hana mswaki mkubwa. Basi Baba Mdogo akasimama, akapaza sauti, akamwambia aondoke kwenye nguo za marehemu upesi kabla hajamwondoa yeye.

Mzee mmoja wa ukoo, aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi, akafungua macho.

"Umekasirika?" akamwuliza Baba Mdogo.

"Mzee, huyu mama..."

"Nimekuuliza umekasirika. Kwa mtani? Msibani?"

Kwetu hakuna aibu kama hiyo. Anayemkasirikia mtani ameshindwa. Neno lake halisikilizwi tena siku hiyo, na alichokuwa anakidai kimempotea. Baba Mdogo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ila uchovu na huzuni vilimsahaulisha. Akakaa, akafunika uso kwa kofia. Wazee wakaamua kwamba watoto wamekamatwa, wabaki hapo walipo mpaka kiboko aletwe, na jirani aliyewakamata asaidie kuwatazama. Alipoondoka Baba Mdogo alimpa Mtani mkono. Mtani akamwambia, "Mkubwa, eh? Usiniletee ndama."

Hivyo ndivyo tulivyobaki, sisi wanne. Niliacha shule nikaanza kuuza mboga sokoni Gongoni, mboga zilizokatwa tayari, maana wanawake wa mjini hawana muda. Kisu changu kilikuwa kile chembamba cha mpini wa plastiki, na asubuhi moja kikavunjika nikiwa na beseni zima la matembele. Nikakimbilia kwa Mtani.

"Niazime, Mtani. Leo tu. Watoto watakula nini?"

"Siazimi."

Nililia, nikarudi nyumbani. Nilipofika nilimkuta ameshanitangulia kwa njia ya nyuma, amekaa kwenye mfereji wake wa ngazini, anakata. Tulikata zamu kwa zamu mpaka beseni likaisha, yeye akinionyesha jinsi ya kukunja ncha za vidole ndani ili makali yateleze kwenye kifundo na si kwenye ukucha. Alikuja hivyo wiki tatu, mpaka nikapata kisu kingine. Wiki ya kwanza nilidhani ni uchoyo. Wiki ya tatu nilikuwa nimechelewesha makusudi kununua kisu.

Mapacha na Nyanzala aliwafundisha kwa machungwa. Unamenya, ganda lisikatike, liwe utepe mmoja kutoka kichwani hadi kitakoni. La kwako likikatika, vyombo vya jioni unaosha wewe. Kwa kazi hiyo aliwapa kisu mkononi, watoto wadogo, yeye akiwa amekaa nyuma yao karibu kabisa, magoti yake yamegusa migongo yao. Nilimwambia, "Si ulisema hakiazimwi?" Akasema, "Nani kaazima? Mimi si nipo?"

Baba Mdogo hakununa. Kila alipokuja mjini kuuza tumbaku alipitia kwetu, na kila alipopitia aliulizwa, "Yuko wapi?" Miaka ikapita, na mwaka mmoja akaja na kifurushi. Ndani mlikuwa na kiboko wa mninga, ukubwa wa paka, amemchongesha Ipole. Akamweka mbele ya Mtani. Mtani akamgeuza, akamfunua mdomo kwa ncha ya kisu, akachungulia muda mrefu.

"Hajapigwa mswaki," akasema, akamrudisha. Baba Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi Kulwa anaishi kwake, kwa hiari yake, wana mizinga ya nyuki pamoja.

Hiyo inanileta kwenye siku ninayotaka kumalizia. Mtani alikuwa amehamishiwa Gongoni kwa binti yake, nyuma ya maduka, kwa sababu miguu ilikuwa imegoma. Nilikwenda na Nyanzala, ambaye sasa alikuwa mwalimu mwenye cheti na barua ya kupangiwa kazi. Shule ya msingi, Bagamoyo. Mwisho wa njia ya babu zetu, ukishafika unakanyaga maji. Kulwa alikuwa Ipole, Doto alikuwa Urambo na mke wake, na sasa huyu. Nilimwambia aikatae barua. Alisema ataikubali. Hatukusemezana kuanzia Ntalikwa mpaka mlango wa Mtani.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, mpagazi. Umeniletea nini?"

"Embe."

"Embe za kwenu ni nyuzi tupu. Haya, nitakula, nisikuaibishe."

Akajipekua, akatoa kisu, akaanza kumenya. Ganda likakatika. Akaanza tena, likakatika, akaanza tena. Akalitazama lile ganda vipande vitatu kwenye sahani.

"Basi leo vyombo ni vyangu," akasema.

Nikaona niseme haraka, kabla sijalia kwa sababu nyingine. "Mtani, huyu anataka kwenda Bagamoyo. Mkamate."

"Nimkamate?"

"Kama zamani. Kaa juu ya nguo zake. Dai kiboko."

Alicheka mpaka akakohoa, Nyanzala akampa maji. Kisha akaniambia, "Wewe mpagazi wa wapi? Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka baharini, na walipofika walitua, wakaoga, wakarudi na shanga. Wewe mzigo wako umeota miguu, umesoma, umepata kazi ya serikali, na bado unataka kuupandisha kichwani."

"Si mzigo," nikasema.

"Ndiyo maana shingo imekukakamaa. Hujui hata kama umebeba."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ambayo binti yake aliisikia jikoni kwamba yeye hajui, kwamba niliacha shule, kwamba nimekata matembele miaka kumi na tisa ili tusitawanyike, na sasa ananichekea.

Mtani akamgeukia Nyanzala taratibu, macho yake yale yakawaka.

"Shahidi, umesikia? Dada yako amekasirika."

"Amekasirika, Mtani," akasema Nyanzala. Alikuwa anauma mdomo asicheke.

"Kwa mtani?"

"Kwa mtani."

Hapo nikakumbuka ua wetu, na mzee aliyefungua macho, na Baba Mdogo akiufunika uso kwa kofia. Mimi sikuwa na kofia. Nilikaa chini nikajifunika kanga, na chini ya kanga, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka na kulia vyote pamoja. Sheria ile ndiyo iliyonipa wadogo zangu, ningeikataaje?

Nilipofunua uso, Mtani alikuwa anafungua kamba kiunoni. Akakifuta kisu kwa pindo la kanga, mara mbili, akakiweka mkononi mwa Nyanzala na kumkunja vidole juu ya mpini. Kidole gumba cha Nyanzala kikakaa palepale palipolika.

"Mtani," nikasema, "unamwazima?"

"Sijamwazima mtu kisu tangu nizaliwe, nianze leo? Kilikuwa kinatembea na mimi. Mimi sitembei tena, basi kiende chenyewe." Akamwambia Nyanzala, "Kinarudi kwetu. Ukipita mahali wanauza machungwa, menya moja. Likikatika, usimwambie mtu umefundishwa na mimi."

Nyanzala akakiviringisha kwenye kitambaa. Mtani akanirushia ala tupu kifuani.

"Hiyo yako. Yenyewe inakaa nyumbani."

Ngozi ilikuwa bado na joto la kiuno chake. Tukaaga, tukatoka, na safari hii mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshikana mikono kama alipokuwa na miaka minne. Tulikuwa tumeshafika kona ya maduka, watu wamejaa, ndipo dirisha nyuma yetu likafunguliwa na mtaa mzima wa Gongoni ukageuka kusikiliza.

"We mpagazi! Hiyo ala usimwazime mtu!"